Vifaa vya kubeba njiani kwenye baiskeli: multituli, mfuko wa spana, au hela ya fundi?

Jumamosi moja asubuhi nilikua natoka Moshi naelekea Boma Ng'ombe, nimeshapita Weruweru, nimeshuka bonde la Kikavu na napandisha upande wa pili, nikamkuta kijana amekaa kwenye majani pembeni ya lami, baiskeli yake ya Phoenix kailaza, tairi la nyuma halina upepo hata kidogo, na mkononi ana multituli mpya inang'aa, kile kifaa kimoja chenye zana nyingi za kukunja, yenye funguo za eleni nyingi na vibisibisi viwili.

"Mambo kaka."
"Poa, vipi, pancha?"
"Pancha, na hiki kidude nimenunua juzi tu, hakishiki nati hata moja ya hii baiskeli."

Na ni kweli kilikua hakishiki. Phoenix haina bolti za eleni, zile zenye tundu la pembe sita kichwani. Imefungwa kwa nati kuanzia ekseli ya mbele mpaka keria. Mwenye duka alimuuzia kifaa kizuri kabisa ila cha baiskeli nyingine. Tukaziba pancha kwa vifaa vyangu tukaachana pale Kwa Sadala, ila lile jambo limenikaa, kwasababu watu wengi wanaoanza kupiga safari ndefu huku kwetu wanaangalia video za wazungu wenye baiskeli za kaboni alafu wananunua vilevile, wakati wanaendesha baiskeli za mtindo mwingine kabisa na kwenye barabara za mtindo mwingine.

Kwahiyo mtu akiniuliza abebe nini mi namuuliza kwanza mambo mawili. Baiskeli yako imefungwa kwa nati au kwa eleni? Na huko unakoenda, ukiharibikiwa, fundi wa karibu utamfikia kwa mguu kwa muda gani? Ukishajua hayo mawili mengine yote yanakaa sawa, ngoja nilinganishe kimoja kimoja.

MULTITULI AU SPANA

Kama unaendesha mtumba wa Ulaya au Japani, hizi zenye gia tunazonunua soko la Memorial au kwa watu wanaoleta kwa kontena, angalia bolti ya siti, ya usukani, ya breki. Nyingi ni eleni namba 4, 5 na 6. Hapo multituli inakubeba vizuri sana, ni ndogo, inakaa mfukoni, na ukikaza kitu kimoja kimoja jioni kabla ya safari hata hautaihitaji njiani. Ila kuna mtego mmoja: mitumba mingi ina eleni kila mahali lakini matairi yamefungwa kwa nati, tena mara nyingi nati ya 15. Sasa multituli nyingi hazina 15. Unaweza kukaza siti, kurekebisha breki, kunyoosha usukani, alafu pancha ikaja ukashindwa kutoa tairi. Toka nje saa hii kaangalie ekseli yako, kama ina mkono wa kufungua kwa vidole uko salama, kama ina nati basi multituli peke yake haitoshi, tafuta na spana ya 15 uiweke pamoja.

Kwa mwenye Phoenix, Hero, Avon na ndugu zake wote hao, multituli iache dukani. Chukua ile spana fupi ya bati yenye matundu mengi ya saizi tofauti, ile inayouzwa bei ndogo kwa maduka ya spea za baiskeli, uongeze na spana moja nzuri ya ekseli yako. Nasema nzuri kwasababu ile ya bati inafaa kwa nati za madigadi na keria ila ukiifosi kwenye nati ya ekseli iliyoshika kutu inajipanua yenyewe na kula kona za nati.

Hapo ndo watu wananiuliza, si ubebe tu spana malaya moja, ile ya kupanua na kubana mdomo, ikamaliza yote? Mi ninayo na naibeba, sitadanganya. Inashika saizi zote na kwenye safari ya watu wengi wenye baiskeli tofauti tofauti ni msaada mkubwa. Lakini ikilinganishwa na spana ya saizi kamili ni ya pili, kwasababu mdomo wake unacheza, na nati ikishaliwa kona njiani huna tena cha kufanya, hata fundi atakua anatafuta tindo na nyundo. Ukiitumia ikaze kwanza mpaka ibane nati kabisa, alafu geuza upande ambao nguvu inaenda kwenye taya lisilotembea, sio lile linalotembea. Kitu kidogo ila kinaokoa nati. Spana za mtumba za chuma kizito, zile zilizochakaa rangi tu, mi naziamini kuliko mpya za bei rahisi.

VIRAKA AU TYUBU MPYA

Hapa ndo nataka tukae kidogo maana pancha ndo tatizo la njiani kuliko matatizo mengine yote ukiyajumlisha, na hapa ndo ushauri wa mtandaoni unawapoteza watu wa huku.

Ushauri wa kawaida ni beba tyubu ya akiba, toa iliyotoboka, weka mpya, ondoka, kiraka utaziba nyumbani. Kwa baiskeli ya gia yenye ekseli ya mkono huo ushauri ni sahihi kabisa, tairi linatoka sekunde kadhaa, dakika kumi uko barabarani. Lakini sasa chukua Phoenix yenye kava ya cheni, stendi ya nyuma, keria na vyuma vya madigadi vyote vimefungwa kwenye ekseli moja ile ile. Kutoa tairi la nyuma pale ni kazi ya fundi mwenye muda na kivuli. Ndo maana ukimwangalia fundi yeyote chini ya mti haondoi tairi. Anailaza baiskeli au anaipindua, anatoa upande mmoja wa tairi kwenye ringi, anavuta tyubu nje pale pale ilipo, anaziba, anarudisha. Tyubu mpya kwenye hali hiyo ni mzigo tu, maana huwezi kuiingiza bila kufungua kila kitu. Mwenye Phoenix abebe viraka vingi, solusheni (gundi ya viraka), msasa na vyuma viwili vya kutolea tairi, tyubu ya akiba iwe ya safari ya siku mbili au tatu tu.

Upande mwingine, mwenye baiskeli ya gia asidharau viraka. Miiba ya migunga haitobowi mara moja. Ukikatiza njia ya vumbi kutoka Boma Ng'ombe kwenda chemchemi ya Chemka, au ukizunguka zunguka huku chini Kahe, mwiba mmoja unaingia mbele na mwingine nyuma ndani ya dakika kumi. Tyubu moja imeisha, utafanyaje ya pili? Kwahiyo kwa gia ni tyubu moja NA viraka, sio kimoja wapo.

Viraka vyenyewe navyo vina aina mbili. Vya solusheni na vile vya kubandua kama stika. Vya stika ni vyepesi na vya haraka, huitaji kusubiri, ila kwa joto la huku chini kiraka kinaanza kujivuta pembeni na upepo unatoka pole pole, naviona vya dharura ya kukufikisha tu. Vya solusheni vinashikana na mpira wenyewe vikawa kitu kimoja, vinadumu mpaka tyubu inazeeka, ila vinataka uvumilivu: sugua na msasa mpaka mpira upoteze mng'ao, paka solusheni nyembamba pana kuliko kiraka, SUBIRI ikauke mpaka ukigusa haikunati kidoleni, ndo ubandike na ukandamize. Wengi wanabandika ikiwa bado mbichi alafu wanalaumu kiraka. Na ubaya mkubwa wa solusheni ni kwamba ikishafunguliwa inakauka yenyewe ndani ya kichupa chake. Mimi yangu ilinikaukia njia ya Chemka, jua la saa saba, nina viraka kumi na mbili na hakuna hata kimoja ninachoweza kubandika, nikasukuma baiskeli mpaka nikapata mtu wa pikipiki mwenye solusheni. Tangu hapo nabeba mbili, moja iliyofunguliwa na moja ambayo haijatobolewa kabisa, na viraka vya stika vinne kama akiba ya akiba.

Kabla hujarudisha tyubu pitisha vidole ndani ya tairi lote taratibu, au kitambaa kama unaogopa kujichoma, utafute kilichotoboa. Mwiba unakua umekatika nje huuoni ila ncha iko ndani. Barabara kuu ya Arusha mwenye kosa sio mwiba sana, ni vile vinyuzi vya waya vinavyotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka, vyembamba kama unywele, macho hayavioni na vidole vinaviona kwa shida. Bila kukitoa utaziba mara tatu sehemu ile ile. Kukitoa kunataka kitu cha kubana, ndo maana kaplaizi kadogo hakakosi kwenye mfuko wangu.

Na kutafuta tundu, fundi ana beseni, wewe huna. Ukiwa juu huku Kibosho, Uru, Marangu, mfongo (mfereji wa maji) haukosekani karibu, chovya tyubu kwenye maji uone mapovu. Huku chini kwenye ukame jaza upepo mwingi kidogo uisogeze karibu na mdomo na shavu, utausikia upepo, alafu paka mate uhakikishe.

PAMPU, NA AINA YA VALVU YAKO

Watu wanabeba pampu bila kujua valvu zao. Ziko tatu. Phoenix na wenzake wana ile ya zamani yenye kimpira kidogo ndani, mitumba mingi ya milimani ina valvu nene kama ya gari, na baiskeli za mbio zina nyembamba ya kufungua ncha.

Valvu nene ya gari kwa barabara zetu ndo rafiki kuliko zote, maana unaingia kwa fundi pancha yeyote wa magari au pikipiki mwenye kompresa unajaza na kuondoka. Ila mwambie aende taratibu, kompresa ya malori inapasua tyubu ya baiskeli kufumba na kufumbua. Valvu nyembamba kwa fundi wa pikipiki haipati upepo mpaka uwe na kile kiunganishi kidogo cha shaba kinachofungwa juu yake. Ni kidogo kama punje ya hindi na bei yake ndogo, kifunge moja kwa moja kwenye valvu kisipotee. Ukinunua tyubu ya akiba angalia pia tundu la ringi, tyubu ya valvu nene haiingii kwenye ringi iliyotobolewa kwa nyembamba. Wenye valvu ya zamani wabebe kale kampira ka valvu ka akiba, maana mara nyingi unaambiwa pancha kumbe kampira kamechoka tu, umetoa tyubu bure.

Pampu ndogo ya mkononi au ile ndefu ya kusimamia? Ndogo inakaa kwenye fremu na unaisahau, ila kujaza tairi nene kwa pampu ndogo mikono inawaka moto na hutafika upepo kamili, utafika wa kuendeshea. Ndefu inajaza vizuri ila kuifunga kwenye fremu kwa mipira siku nzima ni kero. Kwa safari ya mtu mmoja mi nachukua ndogo yenye mpira wa kuunganishia, kwasababu zile zinazobanwa moja kwa moja kwenye valvu ukipampu kwa nguvu zinakunja au kukata shingo ya valvu. Mkiwa kundi, mmoja abebe ndefu kwa niaba ya wote. Vile vichupa vya gesi vinavyojaza mara moja sivipendekezi kabisa kwa huku, kila kichupa ni cha pancha moja, kikiisha kimeisha, na hutakipata Kikatiti wala Same.

CHENI

Hapa fupi. Cheni ya Phoenix ina kile kiungo chenye kiklipu, plaizi inatosha kukifungua na kukifunga, beba kiungo kimoja cha akiba, na ukikifunga upande wa klipu uliozibwa ndo uelekee mbele inakokwenda cheni. Cheni ya gia inataka kikatia cheni, na kiungo cha haraka kinachoendana na idadi ya gia zako, cha gia 7 hakikai kwenye gia 10. Wengi wanaacha kikatia cheni kwasababu kizito kidogo, ila mi sikiachi kwa safari za mbali na fundi: deralea, ile inayohamisha cheni kwenye gia, ikivunjika unakata cheni fupi, unaifunga kwenye gia moja ya katikati, unarudi nyumbani bila gia lakini unarudi ukiwa juu ya siti.

JE, UBEBE AU UMTEGEMEE FUNDI?

Kuna wanaosema huku Kilimanjaro kila kona kuna fundi, vifaa vya nini. Kwa baadhi ya njia wako sahihi na sitaki kumbebesha mtu mzigo bure.

Ukiwa Moshi mjini, Pasua, Majengo, Njoro, Rau, Kiboriloni, beba hela ya fundi na simu, na pampu kama ipo. Yule mzee chini ya mti anafanya kazi vizuri kuliko wewe na anaishi kwa kazi hiyo, mpelekee. Mwamkie vizuri, "shikamoo mzee", mwachie baiskeli, ila simama karibu uangalie anavyofanya, mi nimejifunza zaidi pale kuliko kwenye video yoyote.

Moshi kwenda Arusha ni kama kilomita 80 na mafundi wapo kwenye vituo: Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, kisha Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru. Shida ni katikati, hasa kipande cha Boma Ng'ombe kupita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, nyika tupu, jua na upepo wa pembeni, ukiharibikiwa hapo unasukuma sana. Na siku hizi unaowakuta wengi ni mafundi wa pikipiki. Pancha na upepo watakusaidia vizuri, ila spoku au kikatia cheni usitegemee. Kwahiyo njia hii ni mfuko wa kati: viraka, solusheni, pampu, spana ya ekseli, multituli kama una eleni.

Marangu na Machame ni mambo mengine. Kupanda mlima hakuiumizi baiskeli, kunakuumiza wewe. Kinachoharibika ni breki wakati wa kushuka, maana kutoka geti la Marangu kule juu mpaka Himo unashika breki karibu njia nzima. Hapo kuliko kiraka cha ziada beba raba za breki jozi moja na eleni ya kuzifunga, na waya mmoja wa breki wa nyuma, ule mrefu, ambao kwa dharura unatumika na mbele. Wenye breki za fimbo kwenye ringi ya chuma wajue kipindi cha masika ringi ikilowa breki inashika kwa kuchelewa sana, hakuna kifaa cha kutatua hilo, shuka utembee sehemu kali.

Chemka, Kahe, njia za kwenda TPC (shamba la miwa) kwa kupita mashambani, na barabara za vumbi zote za kusini, hapo ndo mfuko kamili, hata kama kwa kilomita ni karibu. Umbali na fundi ndo unahesabika. Na wakati wa mvua ongeza kijiti au bisibisi bapa, ule udongo mweusi unajaza kati ya tairi na madigadi mpaka tairi halizunguki na bila kitu cha kuchokonolea utabeba baiskeli begani.

Sasa ukiniuliza nichague kwa niaba yako. Mwenye Phoenix anayeenda kazini na kurudi mjini: ile spana ya bati, kampira ka valvu, hela. Mwenye Phoenix anayebeba ndizi au maziwa kutoka vijijini kuja mjini: viraka, solusheni, vyuma vya tairi, pampu, spana ya ekseli, kiungo cha cheni, na mipira mirefu ya tyubu chakavu, maana kwa mzigo mzito keria ikikatika mguu mipira hiyo ndo inakufikisha sokoni. Mwenye baiskeli ya gia wa safari za wikiendi: multituli, spana ya 15 kama ana nati, tyubu moja, viraka, pampu ndogo, kikatia cheni na kiungo chake, kebo tai kadhaa, glavu za bei rahisi. Kama bajeti inabana na inabidi uanze na vichache, hao wawili wa mwisho waanze na pampu na viraka kabla ya vingine, hilo sina shaka nalo.

Ukishajaza mfuko fanya zoezi moja nyumbani, toa upepo tairi la nyuma, kaa uwanjani, itoe tyubu na uirudishe kwa kutumia vilivyomo kwenye mfuko TU, usiingie ndani kuchukua kisu wala kijiko. Kitakachokosekana utakiona hapo hapo.

Na mfuko wa chini ya siti uwe wa kufungua haraka. Ukisimamisha baiskeli sokoni au stendi uchukue uingie nao, usiuache ukining'inia, baiskeli utaikuta na kufuli lake lakini mfuko utakua umeshaondoka.